Deksa haiko dawa ya kila sikio

Maneno yenye yalisemwa mu mukutano wa wanamemba, Likasi. Tumeyaandika vile yalisemwa, tumepunguza paka kidogo.

 

Komite ilinipatia saa moja nzima, lakini niko na neno moja tu, na hili neno liko na sehemu mbili. Ya kwanza: sikio yenye kutoka usaha, deksa ya kumeza haiko dawa yake. Ya pili: sikio yenye kufa mara moja, bila usaha na bila kuumia, dawa ya jamaa ya deksa inaweza kuiokoa, lakini siku zinahesabiwa. Dawa ni za jamaa moja, masikio ni tofauti. Mugonjwa wa kwanza anaikunywa bure. Mugonjwa wa pili anaikosa mupaka wakati yake inapita.

Mutaniuliza: juu ya nini tunazungumuza masikio mu mukutano wa sanduku? Juu maombi njo yanatuleta hapa. Mama anaomba franka ya kununua deksa ya mutoto mwenye sikio yake inatoka maji. Sanduku inamulipia palepale, juu ni franka kidogo. Papa anaomba transporti ya kwenda Lubumbashi, juu tangu jana sikio yake moja haisikii tena. Anaambiwa angojee mukutano wa mwisho wa mwezi, juu ni franka mingi. Mukinisikiliza vizuri leo, mutaona kama tunapaswa kupindua huu mupango juu chini.

Kwanza, deksa ni nini? Jina yake yote ni deksametazoni. Iko mu jamaa ya dawa zenye wanganga wanaita steroidi. Ndugu yake mwingine ni prednisoloni, na mukubwa wao wenye kujulikana ni kortizoni. Mu 1948, munganga Philip Hench wa Mayo Clinic, kule Marekani, alipatia kortizoni mwanamuke mwenye viungo vyake vilikuwa vimevimba na kukauka. Kisha siku chache yule mama akaanza kutembea. Mu 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipata zawadi ya Nobel juu ya kazi ile. Deksametazoni ilikuja nyuma, mu mwisho wa miaka ya 1950. Na mu 2020, uchunguzi mukubwa wa Uingereza wenye jina RECOVERY ulionyesha kama deksa inapunguza vifo vya wagonjwa wa Korona wenye walikuwa wanahitaji oksijeni. Kwa hiyo sikuje hapa kuitukana. Ni dawa ya nguvu, na dawa ya nguvu inaombwa mahali pake.

Kazi yake ni hii. Wakati mikrobe inaingia mahali, mwili unatuma askari wake. Mahali pale panavimba, panawaka moto, panauma. Ule moto haiko mikrobe yenyewe. Ni vita ya mwili wako na mikrobe. Deksa inaambia askari: shusheni silaha, rudieni ku kambi. Moto unazimika, uvimbe unashuka, maumivu yanatulia. Lakini mikrobe yenyewe deksa haiiui hata moja. Kama vita ilikuwa ya bure, yaani askari wanapiga nyumba yao wenyewe, basi ni vizuri warudi. Kama mwizi angali mu parsele, umemufungulia mulango.

Njo sababu deksa inapendwa, na njo sababu inadanganya. Mutu anakunywa asubui, mangaribi anasema nimepona. Tena anapata hamu ya bukari, mashavu yanajaa, watu wanamusifu. Wengine wanaikunywa paka juu ya kunenepa. Ile haiko afya. Ni maji na mafuta vyenye dawa inakusanya mu uso.

Sasa tuangalie sikio. Ifikirie sawa nyumba ya vyumba vitatu. Mbele kuko barza: ni ile tundu yenye kidole inaona. Ku mwisho wa barza kuko mulango, ngozi nyembamba sana yenye tunaita ngoma ya sikio. Nyuma ya mulango kuko chumba cha katikati, kidogo, chenye hewa, na mifupa mitatu midogo yenye kupitisha sauti. Kile chumba kiko na njia ya nyuma yenye kwenda mupaka ku pua. Njo maana mafua ya mutoto inafika ku sikio. Na mu chumba cha ndani kabisa kuko kitu chenye kujikunja sawa konokono, kimejaa maji, na mule njo sauti inageuka kuwa habari ya bongo. Ugonjwa wa barza, ugonjwa wa katikati na ugonjwa wa ndani, kila moja iko na dawa yake.

Tuanze na sikio yenye kutoka usaha. Mutoto anapata mafua, mikrobe inapanda kwa njia ya nyuma, chumba cha katikati kinajaa usaha, mutoto analia usiku. Kisha ngoma inatoboka, usaha inatoka inje, maumivu yanapunguka. Mama anasema: Mungu asifiwe, imetoka. Mara mingi ngoma inajifunga yenyewe. Lakini mara ingine haijifunge, na usaha inatoka wiki, mwezi, mwaka. Watu wanaizoea. Wanasema: huyu mutoto njo vile anazaliwaka. Hapana, bandugu. Hakuna mutoto mwenye kuzaliwa juu ya kutoka usaha.

Mu muongozo wa OMS wa kutunza watoto, wenye wauguzi wetu wanajua kwa jina la PCIME, mupaka ni siku 14. Kama usaha inatoka chini ya siku 14, ni ugonjwa mupya, na mutoto anapewa antibiotike ya kumeza. Kama ni siku 14 ao zaidi, ni ugonjwa wa kudumu, na matunzo iko mbili: kukausha sikio, na kutia matone ya antibiotike ya jamaa ya siprofloksasini kwa wiki mbili. Musikie vizuri: kukausha njo kunaanza. Matone yenye kuanguka juu ya usaha hayafike mahali. Ni sawa kupaka rangi ku ukuta wenye matope.

Kukausha ni kazi ya mama na papa ku nyumba. Unakamata kompresi safi ao kitambaa safi cha pamba chenye kunyonya maji. Unanawa mikono. Unakunja kama utambi wa taa. Unaingiza polepole mu barza, hausukume kwa nguvu. Unaacha inyonye, unatoa, unatupa, unaweka ingine, mupaka utambi unatoka mukavu. Mara tatu kwa siku. Kisha, kama munganga ameandika matone, unatia matone, mutoto analala upande dakika kidogo. Hakuna kijiti cha kibiriti, hakuna manyoya ya kuku, hakuna mafuta ya moto, hakuna maziwa ya kifua, hakuna mukojo. Wakati ya kuoga, maji isiingie. Pamba haibakie mu sikio siku nzima, juu inafunga usaha ndani.

Na deksa ya kumeza? Mu muongozo ule haimo. Juu ya sikio yenye usaha iko na mikrobe hai ndani, na deksa inafukuza askari wenye walikuwa wanaizuia. Maumivu yanapunguka, homa inajificha, na mikrobe inaendelea kula kimya. Inaweza kufika ku mufupa wa nyuma ya sikio, na toka pale bongo haiko mbali.

Niseme na hili, musije mukaniambia ya kama munganga alifanya kinyume. Kuko matone yenye kuchanganya antibiotike na steroidi kidogo. Munganga anaweza kuyaandika wakati barza imevimba sana ao nyama imeota ndani. Pale antibiotike njo inafanya kazi kubwa, na steroidi inabakia mu sikio, haizunguke mu mwili wote sawa kidonge. Lakini kuko matone mengine yenye jentamisini ao neomisini. Hizi dawa zinaweza kuharibu chumba cha ndani kama ngoma iko na tundu. Njo sababu mutu wa kwanza wa kuangalia mu sikio awe munganga mwenye taa, asiwe muuzaji mwenye mufuko.

Kuko alama zenye haziruhusu kungojea hata usiku moja. Uvimbe nyuma ya sikio, mupaka sikio inasukumwa mbele. Homa kali na kichwa kuuma sana. Shingo kukauka. Upande moja wa uso kulegea. Kizunguzungu chenye kuangusha mutu. Ile ni ya lopitali, siku ileile. Na kama usaha inanuka sana, inarudi kila wakati hata kisha matunzo mazuri, pengine kuko ngozi yenye inaota mubaya ndani na inakula mifupa. Ile haina matone wala kidonge; ni ya kupasuliwa na munganga wa masikio, mwenye tunaita ORL.

Kuko mutoto mwingine. Huyu haumwe, hatoke usaha, hana homa. Lakini unamuita mara tatu, haitikie. Ku masomo mwalimu anasema ni mukaidi. Mara mingi chumba cha katikati kimejaa maji mazito kisha mafua. Kwa miaka mingi wanganga walijiuliza: kama tukimupatia steroidi ya kumeza, ile maji itakauka? Mu Wales na Uingereza walifanya uchunguzi na watoto 389 wa miaka 2 mupaka 8. Nusu walikunywa prednisoloni siku saba, nusu walikunywa kidonge kisicho na dawa, na hakuna mwenye alijua nani anakunywa nini. Majibu yalitoka mu 2018. Kisha wiki tano, wenye walikuwa wanasikia vizuri walikuwa 40 kwa 100 upande wa dawa, na 33 kwa 100 upande wa bila dawa. Tofauti ilikuwa ndogo mupaka hawakuweza kusema kama ni dawa ao ni bahati. Mambo mawili ya kukamata: dawa haikusaidia watoto wengi, na watoto wengi wanapona wenyewe na wakati. Kwa hiyo mutoto huyu tunamufatilia miezi tatu, mwalimu anamukalisha mbele, tunaongea naye uso kwa uso, na kama haibadilike tunamupeleka apimwe. Fimbo haifungue sikio.

Sasa tugeuke. Mutu mukubwa, mwanamuke ao mwanaume, analala muzima. Asubui anaweka telefone ku sikio ya kuume: kimya. Anafikiri telefone imekufa. Anaiweka ku sikio ya kushoto: anasikia. Sikio ya kuume inapiga filimbi ndani, pengine na kizunguzungu. Hakuna usaha. Hakuna maumivu. Anasema: itapita. Jirani anasema: umelogwa, ni mutu wa kazi. Mwingine anasema: ni maji iliingia. Wiki inapita, mwezi unapita.

Huyu njo mugonjwa wangu wa leo. Ni chumba cha ndani kimepata pigo. Mara mingi wanganga hawajui sababu. Wanafikiri virusi, ao damu haifike vizuri, ao askari wa mwili wanapiga sikio yao wenyewe. Mulikumbuke lile neno la vita ya bure. Hapa njo steroidi iko na mahali. Muongozo wa wanganga wa ORL wa Marekani, wa 2019, unasema inaweza kuanzishwa mu wiki mbili za kwanza, na mapema ni vizuri zaidi. Kisha pale, tangu wiki ya pili mupaka ya sita, ORL anaweza kupitisha steroidi na sindano ndogo, kupita ngoma, ndani ya chumba cha katikati, kwa mutu mwenye hakupona vizuri. Kisha wakati ule, mulango unafungika polepole.

Sitawadanganya. Kuko wenye wanapona wenyewe bila dawa, na kuko wenye hawaponi hata na dawa. Uchunguzi wenye kufanywa juu ya hii haiko mingi wala haiko ya nguvu sana. Lakini hakuna dawa ingine yenye kuipita, na sikio yenye imekufa mwaka nzima hakuna kidonge cha kuifufua. Kati ya kujaribu mapema na kungojea bure, ninachagua kujaribu mapema, mbele ya munganga.

Namna gani kujua, mbele ya kufika ku lopitali, kama ni mulango umefungwa na takataka, ao ni chumba cha ndani kimekufa? Kuko jaribio moja lenye halilipishe kitu. Tufanye sisi wote. Fungeni midomo, muimbe kwa pua: mmmmm. Sasa fungeni sikio moja na kidole, muimbe tena. Munasikia? Sauti inakimbilia sikio yenye imefungwa. Basi, mutu mwenye sikio yake imezibwa na nta, ao na maji, anasikia mmmmm zaidi upande wa ugonjwa. Mutu mwenye chumba chake cha ndani kimepigwa, anasikia mmmmm upande wa uzima. Kama sauti inakimbilia upande wa uzima, vaa viatu, twende. Jaribio hili halipite munganga, lakini linatupatia sababu ya kuharakisha.

Kipimo cha dawa sitakisema hapa, hata mukiniomba. Munganga anapima kilo, anapima tansio, anapima sukari, anauliza juu ya kifua kikuu na vidonda vya tumbo. Steroidi ya wiki moja mbili kwa kipimo cha nguvu inapandisha sukari na tansio. Inaweza kuamsha kifua kikuu chenye kilikuwa kimelala. Kuko na minyoo ingine yenye inatumia nafasi ile kujaa mwili. Na mwenye kuikunywa miezi mingi, macho, mifupa na ngozi yake vinalipa.

Na hapa neno kwa wale wenye wanaikunywa tayari tangu wiki mingi, juu ya kunenepa ao juu ya mugongo ao juu ya sikio: musiitupe leo mangaribi. Mwili uko na tezi mbili juu ya figo zenye kutengeneza steroidi yake yenyewe. Ukiikunywa muda murefu, zile tezi zinalala. Ukiacha mara moja, mwili unabakia bila ya inje na bila ya ndani, na mutu anaweza kuanguka na kufa. Uende kwa munganga, akupunguzie polepole. Hakuna mwenye atakuchekelea.

Kuko pia masikio yenye hakuna deksa itarudisha, na ni vizuri tuyataje, juu Likasi iko nayo. Wazee wetu wenye walifanya kazi ku mashini za Gécamines kule Shituru na Panda, vijana wenye kuponda mawe ku machimbo, mama mwenye kusimama kutwa karibu na mashini ya kusaga bunga: kelele inakata nywele ndogo za konokono, na nywele zile haziote tena. Dawa ni kuziba masikio mbele, haiko kidonge nyuma. Kinini ya nguvu inapigisha filimbi mu sikio. Mara mingi inapita, lakini useme kwa muuguzi. Jentamisini na kanamisini za sindano zinaweza kuua sikio kabisa. OMS iliacha kushauri kanamisini kwa kifua kikuu chenye kushinda dawa, na ile ilikuwa moja ya sababu. Na mutoto mwenye amepona meninjite apimwe masikio mbele ya kurudi ku masomo. OMS ilihesabu mu 2021 kama watu zaidi ya milioni 430 mu dunia wako na shida ya kusikia yenye kuhitaji musaada. Hatuko peke yetu.

Sasa niseme juu yetu wenyewe, wenye kurudia. Wengine mulitoka Kasai kisha mambo ya 1992 na 1993, mwenye anakumbuka stasio ya Likasi ya wakati ule sina haja ya kumuelezea. Wengine mulikuwa Zambia, ku kambi ya Kala na ya Mwange, mupaka kambi zikafungwa mu 2010. Mutu mwenye amehama mara mingi hana munganga mwenye kumujua. Karatasi zake za lopitali zilibakia njiani. Anajifunza kubeba dawa yake mu mufuko, na dawa yenye kutuliza kila kitu njo anaipenda. Kwa hiyo sisemi mama mwenye kununua deksa hana akili. Alipiga hesabu: deksa ni franka kidogo, kumuona munganga ni franka mingi, na mutoto analia leo. Hesabu yake ni ya kweli. Sisi njo tunapaswa kuibadilisha, na sanduku hii iliundwa juu ya ile.

Njo maana komite inaleta mapendekezo matatu, na leo tutapiga kura.

La kwanza. Sanduku isilipe tena deksa wala prednisoloni bila ordonansi yenye jina ya mugonjwa, tarehe na mukono wa munganga.

La pili. Mahali pa ile franka, sanduku ilipe mambo matatu kwa kila mutoto mwenye sikio yake inatoka usaha: kuonwa mara moja ku kituo cha afya, kompresi za kukausha, na matone yenye kuandikwa. Na mama mwenye kujua kukausha afundishe mama wa parsele ya pili.

La tatu. Mutu mwenye sikio yake inakufa mara moja, asingojee mukutano. Wanakomite wawili wakitia mukono, siku ileile apate franka ya kuonwa hapa Likasi, na kama munganga anaandika, transporti ya Lubumbashi. Ni kilometa karibu 120. Kule, ku Cliniques Universitaires na ku Sendwe, kuko wanganga wa ORL. Franka ya safari ile ni mingi kuliko pakiti ya deksa, ninajua. Lakini sikio ya fundi, ya mwalimu, ya dereva, ni kazi yake, na kazi yake njo inalisha nyumba na sanduku.

Ninyi wenye kutuma musaada toka mbali, munaweza kuuliza: franka yetu inaenda wapi? Mukikubali mapendekezo haya, itaenda mu vitu vyenye havionekane mukubwa mu foto: rolo za kompresi, matone, tiketi ya gari. Hakuna nyumba ya kufungua na mukasi. Lakini mutoto mwenye sikio yake imekauka anasikia mwalimu, na ile haihitaji foto.

Watu walitoa maulizo kisha maneno. Tunaandika matatu.

Mama moja aliuliza: kama mutoto wangu anapiga kelele usiku na hakuna munganga, nimupatie nini? Jibu: parasetamoli kwa kipimo cha kilo zake, umulaze kichwa juu kidogo, na asubui ku kituo cha afya. Parasetamoli inatuliza maumivu bila kurudisha askari ku kambi.

Kijana moja aliuliza: baba yangu alikuwa anasikia masikio yote mawili, na kwa miezi mbili yote mawili yanashuka pamoja. Ni uzee? Jibu: uzee hauendi na mbio ile. Kuko ugonjwa wenye mwili unapiga masikio yake yote mawili polepole. Munganga Brian McCabe aliueleza mu 1979, na unasikiliza steroidi. Hauonekane mara mingi, lakini baba apelekwe wiki hii, asingojee.

Papa moja aliuliza: na kama ni kulogwa kweli? Jibu: omba, papa, na uombewe. Lakini uombewe kisha kutoka ku munganga, juu maombi haina tarehe ya mwisho, na dawa hii iko nayo.

Kura tutapiga sasa. Kisha kura, mwenye mutoto wake anatoka usaha abakie pale ku barza. Nimeleta kompresi, nitaonyesha kukunja utambi, na kila mama akunje wake mbele yangu mupaka ajue.